Mezani kwa Mkalimani: Siku Tano za Kliniki ya Misheni Kongwa

Nilipojiandikisha kujitolea katika kliniki ya siku tano iliyoandaliwa na kanisa letu pamoja na kikundi cha madaktari na wauguzi Wakristo kutoka Marekani, nilidhani nimejichagulia kazi nyepesi kuliko zote. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Dodoma, nafundisha Kiswahili na Kiingereza, na tangazo lililosomwa ibadani lilihitaji wakalimani wa kukaa kati ya daktari na mgonjwa. Sikutakiwa kujua kuchoma sindano wala kupima damu. Nilitakiwa kujua lugha mbili tu, na hizo ndizo zinazonipatia ugali kwa mwaka wa kumi na moja sasa.

Kliniki iliwekwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mwanzoni mwa mwezi wa saba, wakati uwele umeshavunwa na upepo wa Dodoma unapuliza vumbi mpaka ndani ya chupa ya maji iliyofungwa. Zahanati ya kijiji ina vyumba vichache, kwa hiyo mahema mawili yaliongezwa uwanjani, na foleni ikajipanga yenyewe kwenye kivuli cha mbuyu ulio nyuma ya jengo. Mambo ya vibali sitayaeleza kwa kirefu, ingawa najua yaliwanyima usingizi waandaaji kwa miezi: daktari mgeni hawezi kumgusa mgonjwa nchini bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, dawa haziingii bila idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Mganga Mkuu wa Wilaya anapaswa kujua nani anakuja, lini na kufanya nini. Wako wanaoziona taratibu hizo kuwa ni usumbufu kwa watu waliokuja kusaidia. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu mwili wa mtu wa Kongwa hauna thamani ndogo kuliko mwili wa mtu wa Texas, ambako daktari wa Kitanzania hawezi kushuka kwenye ndege na kuanza kutibu.

Asubuhi ya kwanza nilipangiwa meza ya tatu, pamoja na daktari wa familia mwenye mvi na upole mwingi. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa bibi aliyejifunga kaniki na kujitanda khanga juu yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akajibu kwamba moyo unamuuma. Nilikalimani neno kwa neno, na daktari akakaa sawa kwenye kiti, akaanza maswali ya haraka kuhusu mkono wa kushoto, jasho na pumzi. Bibi alinitazama kama mtu aliyesingiziwa jambo. Ndipo nilipomwomba anioneshe mahali penyewe kwa kidole, naye akaweka kidole chini kidogo ya kifua, pale panapoitwa chembe cha moyo, akaongeza kwamba panawaka moto akishinda njaa na panatulia kidogo akila. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Tatizo lilikuwa tumbo. Dakika tano za mtu aliyesafiri nusu ya dunia zilipotea kwa sababu mwalimu wa Kiswahili alisahau Kiswahili cha watu.

Tangu hapo nilianza kuona jinsi maneno tunayoyatumia kila siku yalivyo mitego mbele ya daktari. Mguu kwetu huanzia kwenye nyonga na kuishia kwenye vidole, na mkono nao ni hivyo hivyo, ilhali daktari anataka kujua kama ni paja, goti, kifundo au wayo. Mtu akisema ana homa, huenda mwili una joto, huenda anamaanisha malaria, na huenda anasema tu kwamba hajisikii vizuri tangu juzi. Anayeumwa kifua anaweza kuwa anakohoa, anabanwa na pumzi au ana kichomi. Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa mkalimani wa meza ya pili alipata mgonjwa aliyesema kwamba anasikia kitu kinatembea kichwani, naye akatoa kitenzi cha kusikia kwa Kiingereza kama kilivyo, kana kwamba ni sauti. Muuguzi wa meza ile akachukua kifaa chake cha kumulikia masikio na kuchunguza sikio la kulia, kisha la kushoto, kwa uangalifu mkubwa. Mgonjwa alivumilia, maana mtu aliyesubiri tangu alfajiri hawezi kumkatalia mganga sikio.

Wazee waliojua Kigogo tu walitupa kazi ya nyongeza. Mama mmoja wa kwaya ya kijijini aliketi pembeni yangu, mgonjwa akaanza kwa salamu ya mbukwenyi na maelezo marefu, mama akanipa kwa Kiswahili, nami nikampa daktari kwa Kiingereza, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile. Katika safari hiyo maneno yalipungua. Mzee alisema kwa dakika mbili, mama akasema kwa nusu dakika, nami nikajikuta natoa sentensi moja. Daktari, ambaye hakuwa mjinga, aliniuliza mara moja kama mzee alikuwa akisema mambo mengine yoyote. Nilipomrudishia mama swali hilo, alicheka na kusema kwamba mzee alikuwa anaeleza habari za baba yake, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza hapo Kongwa mwaka 1947. Walikuja na matrekta makubwa, alisema mzee, lakini hawakumuuliza mtu habari za mvua wala za udongo wetu unaokauka ukawa kama saruji, na kufikia mwaka 1951 walikuwa wameuacha mpango wote. Sina hakika kama mzee alikusudia kutupiga kijembe. Nilimkalimania daktari habari yote, na akaandika kitu kwenye kijitabu chake ambacho hakikuwa cha wagonjwa.

Swali lililonishinda kabisa ni lile la kupima maumivu kwa namba, kuanzia moja hadi kumi. Nililiuliza mara nyingi siku ile, na majibu yalikuwa yale yale: yanauma sana. Bibi mmoja aliniuliza, "Kumi ya nini, mwanangu?" na sikuwa na jibu. Kufikia mchana nilikubaliana na daktari kwamba nitauliza kwa njia yangu: je, maumivu yanakunyima usingizi, yanakuzuia kuchota maji, yanakufanya ushindwe kuinama shambani? Hapo watu walieleza vizuri, na mara nyingi maelezo yenyewe yalionesha ugonjwa. Mzee mmoja alipata shida zaidi kwa sababu yangu mimi. Alikuja na mambo ya wazee, akaishia hapo, akatazama chini. Mimi ni mwanamke wa umri wa binti yake, na hakuna namna mzee wa heshima angenieleza kwamba haja ndogo inatoka kwa kukatika na inamwamsha mara sita usiku. Nilimwita yule kijana wa meza ya pili, tukabadilishana viti, na ndani ya dakika tatu mzee alikuwa ameshapata barua ya rufaa kwenda kuchunguzwa tezi dume. Tangu siku ya pili tulipanga meza mbili za wanawake na mbili za wanaume, jambo ambalo mtu yeyote wa kijiji kile angetushauri mapema kama tungemuuliza.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikutokea mezani. Wiki mbili kabla ya safari, mratibu wetu alinitumia kwa barua pepe maandishi ya lebo za bahasha za dawa, yaliyotafsiriwa kwa programu ya kompyuta, akaniomba niyapitie. Niliyapitia usiku, nikiwa na mitihani ya kusahihisha, nikarekebisha herufi mbili tatu na kuyarudisha. Lebo ya dawa za kumeza mara mbili kwa siku ilisema hivi: "Chukua kidonge 1 saa 8 asubuhi na saa 8 usiku." Mwalimu wa lugha mbili alisoma sentensi hiyo na kuona iko sawa, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kinasoma Kiingereza kilichovaa kanzu.

Asubuhi ya pili, kabla ya ibada kuisha, mama mmoja mwenye presha alikuwa amekwisha fika, macho mekundu. Alituambia kwamba saa nane ya asubuhi haijui, lakini saa nane ya usiku anaijua, na kwa kuwa alitaka kupona alikaa macho akimsumbua mjukuu wake atazame simu, mpaka saa nane ilipofika akameza dawa yake, kisha usingizi ukagoma. Alikuja kuuliza kama itakuwa hivyo kila siku. Mtu mwingine alikuwa na hoja ya kitenzi: karatasi inasema chukua, naye alikwisha chukua, na yuko nayo nyumbani, je, aimeze lini? Watu walicheka, nami nilicheka pia, lakini nilihisi uso unawaka, kwa sababu bahasha zaidi ya mia mbili zilikuwa tayari zimeondoka na kosa langu, nyingine kwenda vitongoji vya mbali. Mwenyekiti wa kijiji alituma vijana wa bodaboda kupita nyumba kwa nyumba, na mchungaji akatangaza kwa kipaza sauti cha kanisa jioni ile.

Usiku huo wakalimani wote tulikaa chini ya taa ya sola mpaka saa tano, tukibandika karatasi mpya juu ya bahasha zilizobaki. Aliyetuongoza ni tabibu wa zahanati, kijana mtulivu ambaye mpaka wakati huo alikuwa amewekwa kupanga foleni ndani ya zahanati yake mwenyewe. Alituonesha anavyoandika siku zote: Meza kidonge 1 kutwa mara 2, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Kwa wasiosoma alichora jua linalochomoza upande mmoja na mwezi upande wa pili, na chini ya kila picha duara moja kwa kila kidonge. Kazi ile haikuhitaji programu yoyote. Ilihitaji kumuuliza mtu aliyekuwa amesimama mita kumi kutoka meza ya dawa.

Jambo kama hilo lilijirudia kwenye hema la macho, safari hii kwa heshima zaidi. Kongwa ni nchi ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa na bakteria kupitia inzi, vidole na vitambaa vinavyofutia nyuso za watoto. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, kope la ndani hupata makovu, na baada ya miaka mingi kope hugeuka ndani na vinyweleo kuanza kukwangua mboni kila mtu anapopepesa jicho. Hali hiyo ndiyo watu huiita vikope, na wanawake huipata zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Bibi mmoja alifungua pindo la khanga yake na kutuonesha kibano kidogo cha bati kilichotengenezwa na fundi, ambacho mwanawe hukitumia kumng'oa vinyweleo kila baada ya wiki chache. Daktari wa macho, mama wa Kimarekani, alikiweka kibano kile kiganjani, akakitazama kwa muda, kisha akasema wazi kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona jicho la namna ile isipokuwa vitabuni. Muuguzi wa macho aliyetoka mjini Kongwa alikuwa ameona mamia. Yeye ndiye aliyevuta kiti, akageuza kope la bibi kwa kidole gumba na kumwonesha mgeni makovu yalipo, akaeleza kwamba upasuaji wake hufanywa na wauguzi waliofunzwa, kwa ganzi ya hapo hapo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Akaeleza pia habari za dawa ya azithromaisini ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1998, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea, na kwamba dawa peke yake haitoshi mahali ambapo maji ya kunawa uso yanafuatwa kwa saa nzima. Mgeni aliandika kama mwanafunzi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa saa bora ya siku zote tano, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyepewa kidonge ndani yake.

Miwani nayo ilikuwa na furaha yake. Bango la kupimia macho lenye herufi halikuwasaidia wengi, kwa hiyo wale wanaotaka kuona karibu tuliwapa sindano na uzi, au ungo wenye mchele wa kuchambua. Mama mmoja fundi cherehani, wa miaka hamsini na kitu, alijaribu miwani ya kwanza akakosa tundu, ya pili akakosa, ya tatu uzi ukapita mara moja bila hata kuulowanisha mdomoni. Hakusema kitu. Aliuchomoa uzi, akautunga tena, akauchomoa, akautunga tena.

Sasa niseme jambo la sala, kwa sababu kliniki ilikuwa ya kanisa na mimi ni mtu wa kanisa. Katika mpango wa awali, hema la maombi liliwekwa kati ya meza ya kupimia presha na meza za madaktari, hivyo kila mgonjwa angepita hapo kabla ya kutibiwa. Kijiji kile kina Wakristo na Waislamu, na mzee mmoja mwenye kofia aliuliza kwa adabu kama ni lazima aombewe kwanza ndipo apimwe. Mchungaji wetu, Mgogo wa pale pale, alimjibu, "Hapana mzee wangu, dawa kwanza, na sala ni ya atakaye." Kisha akawaita vijana wakahamisha hema lile na kuliweka mwisho kabisa, ng'ambo ya meza ya dawa. Baadhi ya wageni walisikitika kidogo, wakiona kama tumelificha lengo. Mimi naona mchungaji alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa mtu aliyeshika namba ya foleni mkononi hana uhuru wa kukataa kitu, na sala isiyoweza kukataliwa haitofautiani sana na kiingilio. Wengi walikwenda kwenye hema lile kwa hiari yao, wakiwa na bahasha zao mkononi.

Lakini suala lililotugusa zaidi lilikuwa la presha. Kwa siku tatu za kwanza tulipata watu arobaini na mmoja wenye presha ya juu, wengine mia na tisini kwa mia na kumi na zaidi, na wengi wao hawakuwa na habari. Wageni walikuwa na vidonge vya siku thelathini kwa kila mtu. Katika kikao cha jioni ya siku ya tatu, tabibu wa zahanati aliomba kusema, akasema kwa Kiswahili nami nikakalimani. "Siku thelathini ni mwezi mmoja," alisema. "Mwezi wa pili ni wangu." Akaeleza kwamba mgonjwa akipewa kidonge cheupe kutoka chupa ya Marekani atajisikia nafuu, ataamini kwamba dawa ya Wazungu ndiyo dawa, na atakapopewa kidonge chenye rangi nyingine kutoka duka la dawa atakataa kukimeza, au atasema amepona na kuacha, mpaka siku atakapoanguka. Palikuwa na ukimya. Daktari wangu mwenye mvi akauliza kama dawa ile ile inapatikana Dodoma mjini, na kesho yake alfajiri gari lilikwenda kuileta, ya kiwanda kile kile ambacho mgonjwa atakikuta dukani mwakani. Chupa za kigeni za dawa hiyo hazikufunguliwa tena. Fedha zilizobaki zililipia kaya zisizojiweza kadi za CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati huo kwa shilingi 30,000 ilihudumia kaya ya watu sita kwa mwaka, na majina yote arobaini na moja yakaandikwa kwenye kaunta buku moja, pamoja na kitongoji, vipimo na jina la jirani mwenye simu.

Huduma za afya za makanisa nchini zilijengwa na watu waliokaa. Hospitali za KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza zote zilifunguliwa mwaka 1971 na bado zinatibu, na tangu mwaka 1992 makanisa na serikali wana makubaliano rasmi ya kufanya kazi hii pamoja. Siku tano hazifanani na hayo hata kidogo, na sioni ubaya kulisema hilo waziwazi nikiwa miongoni mwa waliojitolea. Ningeulizwa leo kama nitakwenda tena, ningesema ndiyo, kwa sharti kwamba tabibu wa zahanati akae kiti cha kwanza kwenye kikao cha kwanza, na lebo nizisome mchana.

Mwezi wa kumi nilipita kijijini nikiwa safarini kwenda Mpwapwa. Tabibu alinifungulia kaunta buku lake: kati ya wale arobaini na mmoja, ishirini na sita walikuwa wakija kila mwezi, wawili walikuwa wamefariki, na wengine alikuwa bado anawatafuta kupitia mhudumu wa afya wa kijiji. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa yule mama wa saa nane na bahasha yake yenye jua na mwezi. Nilimwamkia na kumwomba radhi kwa mara ya pili kwa usiku ule.

"Acha tu, mwalimu," alisema. "Saa nane nimeizoea. Naamka nasali, halafu nalala. Kidonge nameza saa mbili."